Kisu cha Babu na Swali la Mpini

Mtu aliyekuja kukitaka kisu cha babu hakuuliza kama kinakata. Alikichomoa kwenye ala yake ya ngozi, akapitisha jicho mara moja juu ya bapa, kisha akakigeuza na kukaa na mpini. Akausogeza kwenye mwanga wa mlango. Akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa, akaupangusa kwenye shati lake, akautazama tena. Ndipo alipotaja bei ambayo, kwa hesabu ya Machochwe, ni mitamba wawili na chenji inabaki.

Bibi hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili. Nikamwambia mgeni kwamba mwenye kisu hayupo na mimi ni mjukuu tu, nimekuja likizo. Akanirudishia kwa adabu, mpini ukiwa upande wangu. Alipofika kwenye ua wa minyaa akageuka, akasema kwa sauti ya chini: "Kijana, huo mpini ni wa kifaru. Usikiache kisu hiki hovyo."

Mahali pengine maneno hayo yangekuwa sifa. Machochwe ni kata ya wilaya ya Serengeti, pembezoni mwa hifadhi. Mashamba ya mahindi na mihogo yanapoishia ndipo wanyama wanapoanzia, na tembo wakitoka usiku hawaulizi mpaka uko wapi. Hapa hata mtoto wa shule anajua nini humpata mtu anayekutwa na nyara za serikali bila kibali, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha na pembe ya kifaru. Nilikirudisha kisu kwenye ala, nikakichomeka palepale kilipokuwa siku zote, juu ya mlango wa jiko, kati ya boriti na nyasi za paa. Nikakaa nje, nikiitazama nyumba niliyolelewa kama nyumba ya watu wengine.

Bibi aliporudi sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu.

Badala yake nilianza kujifunza visu. Nilisoma nilichoweza kukipata, nikakaa na wahunzi kwenye magulio, nikasimama mbele ya vioo vya makumbusho kila nilipopata nafasi. Nilitaka kujua jambo moja tu, mpini wa babu ni wa nini, lakini kisu hakikubali kusomwa nusu. Ukitaka kuujua mpini, lazima kwanza uheshimu chuma.

Na chuma, Machochwe wanakijua. Siku ya gulio mtazame mzee anayenunua sime kwa mhunzi aliyetandika turubai chini. Haanzi na makali. Anaishika kwa ncha za vidole karibu na mpini, anaigonga bapa kwa ukucha, anasikiliza. Chuma kizima huimba, chenye ufa hukohoa. Kisha anaiinua usawa wa jicho na kuutazama mgongo kutoka mwanzo hadi ncha, kama fundi anayekagua ubao uliopinda. Anailaza juu ya kidole kimoja akitafuta mahali inapotulia bila kuanguka, maana sime nzito mbele huchosha kifundo cha mkono na sime nzito nyuma haikati. Mwisho kabisa ndipo anapogusa makali, tena kwa kukatisha dole gumba, wala halitelezeshi.

Kule Atlanta, Marekani, hukutana kila mwaka watu wanaonunua visu vya sanaa, kwenye maonyesho yaitwayo Blade Show yaliyoanza mwaka 1982. Kisu kimoja pale chaweza kuuzwa kwa maelfu ya dola, na mnunuzi hukishika kwa uangalifu ili jasho lisiache doa. Lakini anachokitafuta ndicho anachokitafuta mzee wa Machochwe: mgongo ulionyooka, uzito uliotulia, chuma kinachojibu. Tofauti iko kwenye hatua zinazofuata, na nitazifikia.

Sime nyingi za huku zimezaliwa kwenye springi za magari. Gari likichoka, springi zake huanza maisha ya pili kwenye tanuri, na watu hutamka "ya springi" kwa heshima ileile ambayo mwingine angetaja jina la kampuni kubwa. Heshima hiyo ina haki yake. Chuma cha springi kina kaboni kiasi cha asilimia 0.6 pamoja na kromiamu kidogo. Kimetengenezwa kipinde na kurudi mara elfu bila kukatika. Wahunzi wa Marekani wanakiita 5160, na wengi wao, wakiwemo mabingwa, hukichagua kwa hiari yao huku wana uwezo wa kununua chuma chochote duniani. Kijana anayeionea haya sime ya babu yake kwa sababu ilitoka kwenye Land Rover iliyokufa hajui ameshika nini.

Siri iko kwenye moto. Nimekaa saa nyingi karibu na mivukuto, na bado sijachoka kutazama hatua hii. Mhunzi anapasha bapa mpaka linakuwa jekundu la kuelekea rangi ya chungwa. Anayetaka uhakika huligusisha sumaku: chuma kikifika nyuzi joto 770 hivi, sumaku hukiacha, na kikipita hapo kidogo kiko tayari. Anakizamisha kwenye mafuta au maji. Sauti inayotoka pale ndiyo sauti anayoiogopa kila mhunzi, maana ukisikia mlio mwembamba kama kijiti kinachovunjika, kazi ya siku nzima imepata ufa. Kikitoka salama kimekuwa kigumu, lakini ugumu wake ni wa kioo, ukikidondosha juu ya jiwe kinaweza kukatika vipande viwili. Kwa hiyo hurudishiwa joto tena, pole pole, na hapo ndipo rangi zinapotembea juu ya chuma kilichong'arishwa: njano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Mhunzi hodari husimamisha njano kwenye makali na kuiacha buluu ifike mgongoni. Makali yanabaki magumu ya kukata, mgongo unabaki laini wa kuvumilia pigo. Kisu kimoja, tabia mbili.

Unawezaje kujua, ukiwa mnunuzi, kama hatua hiyo imefanyika? Chama cha wahunzi wa visu cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, kina mtihani wake. Kisu kimoja hukata kamba nene inayoning'inia bila kushikwa chini, kisha hukatakata mbao, kisha bila kunolewa tena hunyoa nywele za mkono. Halafu hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90, na hakitakiwi kuvunjika. Kisu hicho huharibiwa makusudi. Nilipousoma mtihani huo nilimkumbuka mhunzi mmoja aliyekuwa akiipigisha sime mpya kwenye gogo mbele ya mteja, kisha akanyolea nywele za mkono wake mwenyewe. Hakuwa na cheti, mtihani aliufanya kila siku ya gulio.

Hapa nataka niseme jambo linaloniuma. Mkoa wetu wa Mara una historia ya chuma ambayo tunaiacha ipotee. Kwa Wazanaki, majirani zetu, wahunzi walikuwa kundi lao, Waturi, na watu wengine walijizuia kuoana nao. Kwa Wamaasai, wahunzi ni Ilkunono, nao waliwekwa kando vilevile, ilhali hakuna morani aliyeweza kuwa morani bila mkuki na sime walivyovifua wao. Jamii ilimhitaji mhunzi na kumwogopa kwa wakati mmoja: mtu anayegeuza jiwe kuwa makali ana nguvu ambayo si ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba alifua visu kwa karne nyingi, na jina lake halikubaki. Ukienda kwenye makumbusho ya Ulaya utaona sime na mikuki ya Afrika Mashariki iliyoning'inizwa vizuri, imeandikwa kabila, imeandikwa mwaka ilipochukuliwa, mara nyingine limeandikwa jina la ofisa aliyeichukua. Jina la aliyeifua halipo.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, huko Buhaya, wazee waliwaonyesha watafiti tanuri za asili, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha katika jarida la Science kwamba mababu wa eneo lile walikuwa wakiyeyusha chuma cha kaboni miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa tanuri ambazo hewa yake ilipashwa moto kabla ya kuingia. Huko pwani, mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba chuma kilikuwa chanzo kikubwa cha mapato ya watu wa Malindi, na kwamba chuma cha Sofala kilisafirishwa hadi India, ambako mafundi walikifanya panga bora. Kwa hiyo mtu akikuambia visu vya thamani ni habari ya wageni, mwambie chuma kilitoka huku.

Alama ya fundi ni jambo jingine la kutazama. Wazee wa kwetu waliolima miaka ya zamani wanaukumbuka mhuri wa mamba kwenye zana za Kiingereza, ambao kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham iliugonga kwenye mapanga yake, na baadaye mhuri wa UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China. Kwenye visu vya sanaa, mhuri ni saini ya mtu mmoja. Kisu kilichotiwa saini na Bob Loveless, fundi wa California aliyefariki mwaka 2010, hubadilishana mikono kwa bei ya gari, na kwa sababu hiyohiyo saini yake hughushiwa. Mnunuzi mwenye busara haamini mhuri kabla ya kuamini kazi. Mhuri waweza kuchongwa na yeyote mwenye patasi. Mistari miwili ya mnoo inayopanda kwa usawa uleule pande zote mbili za bapa, hiyo haiibiwi kirahisi.

Basi tazama mistari hiyo. Kishike kisu ncha ikikuelekea jicho na uone kama upande wa kulia ni pacha wa kushoto. Tazama jinsi bapa lilivyong'arishwa. Mng'ao kama wa kioo hupendwa na wengi, lakini gurudumu la kung'arishia hulainisha kona na kuficha makosa. Fundi anayejiamini humalizia kwa msasa na mkono, na utaona mikwaruzo myembamba sana, yote ikielekea upande mmoja, kutoka mpini hadi ncha, bila hata mmoja uliokatiza. Kisha nenda kwenye shingo, pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Hapo ndipo ukweli ulipo. Kielekeze kwenye jua: mwanga ukipita, au gundi ikionekana imejaza pengo, rudisha. Pitisha ukucha juu ya vichwa vya ribiti, usikwame. Mwisho lirudishe bapa kwenye ala na usikilize. Ala iliyotengenezwa kwa ajili ya kisu kile hukipokea kwa sauti moja fupi na kukishika, hata ukiigeuza juu chini.

Kuna pia udanganyifu wa michoro. Chuma cha Dameski, chenye mawimbi kama maji ya ziwa wakati wa upepo mdogo, ni cha aina mbili: kile cha kale kilichoyeyushwa ndani ya chungu huko India na nchi jirani, na kile kinachopatikana kwa kuunganisha tabaka za vyuma viwili motoni na kuzikunja mara nyingi. Hiki cha pili kilikuwa karibu kusahaulika Marekani hadi fundi William Moran alipokuja na visu vyake kwenye maonyesho ya mwaka 1973. Leo kimejaa masokoni, kingi kikitoka Wazirabad, Pakistani, mji wa watengeneza visu. Baadhi ni kazi ya kweli, baadhi ni chuma cha kawaida kilichochorwa juu kwa tindikali. Usidanganywe na bapa, tazama mgongo. Tabaka za kweli huzunguka mgongo na kushuka upande wa pili, kama mistari ya mti ukiukata, lakini mchoro wa juujuu huishia kwenye kona.

Uzuri wa kisu si jambo geni Afrika hata kidogo. Mwaka 1870 mtafiti Georg Schweinfurth alifika kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, kaskazini mashariki mwa Kongo ya leo, akaondoka akiwasifu wahunzi wake. Visu vyao vilipinda kama mundu, vikatobolewa matundu kwenye bapa, vikapewa mipini ya mbao au pembe za ndovu. Havikuwa vya jikoni. Mtu mkubwa alikaa na kisu mkononi kama mwingine anavyokaa na upepeo, na wote waliomtazama walijua ni nani. Oman nayo, ambayo damu yake iko Zanzibar na pwani yetu yote, ina jambia lake, khanjar, kwenye bendera ya nchi. Ala yake hufumwa kwa nyuzi za fedha, na pete zake huhesabiwa: za kawaida zina nne, ile iitwayo Saidiya, ya ukoo wa kifalme, ina saba. Mwaka 2022 UNESCO iliutambua ufundi wa khanjar kuwa urithi wa binadamu.

Lakini siwezi kusifu uzuri wa visu mkoani Mara nikanyamaza kuhusu kisu kimoja. Wapo akina mama na mabinti huku ambao neno kisu likitajwa hawakumbuki fedha wala pembe, wanakumbuka asubuhi ya Desemba na mkono wa ngariba. Ukeketaji wa wasichana umekatazwa na sheria tangu 1998, na bado kuna wasichana wanaokimbilia nyumba za hifadhi Mugumu msimu ukifika. Kisu kile hakina uzuri, hata kingekuwa na mpini wa dhahabu. Nakitaja kwa sababu kimenifundisha kwamba huwezi kukipima chombo ukiacha damu iliyokipita, na hilo ndilo lililonirudisha kwenye mpini wa babu.

Aliyeshika mpini na aliyeshika makali wakigombana, lazima mmoja aumie, na tunajua ni yupi. Katika biashara ya majambia ya Yemen, mpini ulikuwa kila kitu. Bapa laweza kuwa zuri au la kawaida, lakini bei ilipangwa na mpini, na mpini uliotakiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Sababu yake inaeleweka ukiushika. Pembe ile ikishikwa na mikono ya baba, mwana na mjukuu, hubadilika mwaka hadi mwaka, ikawa kama asali iliyoganda, mwanga ukapenya ndani yake. Wayemeni huuita mpini wa namna hiyo sayfani. Zamani ulikuwa wa masharifu na makadhi. Miaka ya 1970, vijana wa Yemen Kaskazini walipokwenda kufanya kazi Saudi Arabia na kurudi na fedha, kila mmoja akautaka.

Pembe zilitoka wapi? Zilitoka huku. Esmond Bradley Martin, mtafiti Mmarekani aliyeishi Nairobi, aliingia kwenye karakana za Sanaa, mji mkuu wa Yemen, akakaa na mafundi, akahesabu, akauliza bei, na dunia ikajua kwamba sehemu kubwa ya pembe za vifaru wa Afrika Mashariki ilikuwa ikiishia viunoni mwa wanaume wa nchi ile. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES mwaka 1977, na Yemen Kaskazini ikazuia kuingiza pembe mwaka 1982, lakini faru weusi wa Serengeti walikuwa tayari wamekaribia kwisha. Waliobaki wachache walijificha kwenye miamba ya Moru. Mwaka 2010 faru weusi watano waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, Rais Jakaya Kikwete akaenda mwenyewe kuwapokea. Kabla mwaka haujaisha mmoja wao, aliyeitwa George, alikutwa ameuawa, pembe hazipo. Martin naye aliuawa nyumbani kwake Nairobi, Februari 2018.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu nilikosa usingizi. Niliwaza: je, babu yangu alishika mpini wa mnyama ambaye wajukuu wake tunapaswa kulipia ndege kumrudisha?

Mafundi wa Yemen, kwa kukosa kifaru, walihamia pembe za nyati wa majini kutoka India. Kwa jicho la haraka hazitofautiani sana, na ndiyo sababu mtu anayetaka kukiita kisu chake cha thamani anaweza kukisingizia kifaru bila aibu. Kwa hiyo nilijifunza kuzitofautisha, na nataka kila mwenye kisu cha zamani nyumbani azijue tofauti hizi, kwa usalama wake na kwa heshima ya wazee wake.

Pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu ukiitazama kwenye sehemu iliyokatwa. Mfupa hauna wavu huo, una vitundu vidogo vidogo vyenye weusi, kama vumbi lililonasa. Plastiki ni laini mno, haina kasoro, na haina ubaridi wa kitu kilichowahi kuishi. Pembe ya kifaru haifanani na pembe nyingine yoyote. Haina mfupa ndani, ni nyuzi tupu zilizoshikamana, za asili ileile ya kucha na nywele, na ukikitazama kitako chake kwa kioo cha kukuzia utaona nukta zilizosongamana kama ncha za ufagio uliofungwa barabara. Pembe ya ng'ombe ni ala iliyovikwa juu ya mfupa. Ina uwazi katikati hadi karibu na ncha, na hukua kwa tabaka. Ukiikata utaona duara ndani ya duara. Huhitaji sindano ya moto wala maabara. Unahitaji kitako kisafi na mwanga wa asubuhi.

Kabla sijarudi Machochwe, neno moja kwa wahunzi wetu. Mafundi wa visu duniani wanautafuta mpingo wa Tanzania. Ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake hakielei majini, hauhitaji rangi, unang'aa kwa kusuguliwa tu, na hautetereki kwa unyevu. Vijiji vya Kilwa vimeonyesha kwamba mpingo waweza kuvunwa kwa utaratibu kutoka misitu yao wenyewe, na jamii ikanufaika. Huku Mara tuna pembe za ng'ombe zinazotupwa machinjioni kila siku. Tuna springi. Tuna mikono. Sime ya Machochwe yenye mpini wa pembe ya ng'ombe uliokaa sawasawa, mgongo wa buluu na mhuri wa aliyeifua, sioni kwa nini isilazwe kwenye kitambaa cheupe mbele ya mnunuzi yeyote. Kinachokosekana ni kumalizia: ule msasa wa mwisho, ule ukaguzi wa shingo, na ujasiri wa mhunzi kuandika jina lake.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na kioo cha kukuzia mfukoni. Nilingoja bibi aanze kupepeta ulezi wake uani, nikakishusha kisu kutoka juu ya mlango. Kitako cha mpini kilikuwa kimefunikwa na mafuta na masizi ya miaka mingi. Nikakipangusa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, polepole, mara tatu, mara nne, mpaka rangi ikaanza kutoka: kahawia, kisha manjano kama ugali wa mtama uliochanganywa na mhogo. Nikakielekeza kwenye jua.

Duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Katikati, kitundu kidogo kilichozibwa kwa nta.

Nilikaa chini pale kizingitini. Bibi akaacha kupepeta.

"Una nini na hicho kisu?"

Nikamweleza yote: mgeni, bei, maneno yake kwenye minyaa, miaka niliyozunguka nikiuliza watu wasiotujua. Alinisikiliza hadi mwisho, ungo ukiwa mapajani.

"Mjukuu wangu, si ungeniuliza."

"Niliogopa, Bibi."

"Hiyo ni pembe ya maksai mwekundu wa plau. Babu yako alilima naye misimu saba. Akavunjika mguu korongoni wakati wa masika, ikabidi achinjwe. Babu yako hakula nyama ile hata kipande, aligawa yote kwa majirani. Pembe moja ndiyo akampelekea mhunzi pamoja na springi."

"Na ya pili?"

Hakujibu. Alifungua fundo la khanga kiunoni, akatoa kile kipembe chake cha ugoro ambacho nimekiona mkononi mwake tangu nikiwa mtoto, akakigonga mara mbili kwenye kiganja, akavuta kidogo. Kisha akakifuta kwa pindo la khanga na kunipa, nikakishika pamoja na kisu, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, nikavisogeza vyote viwili kwenye jua.

Rangi ni ileile.